Uvumi na Habari: Kazi ya Carlos Cardoso wa Msumbiji

(MUZIKI WA KUFUNGULIA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Wiki iliyopita mama mmoja wa kikundi cha wasikilizaji aliniuliza: "Mwanangu, mwandishi wa habari anajuaje kwamba jambo ni kweli, si maneno ya bombani?" Leo ninamjibu kwa kukueleza kazi ya Carlos Cardoso.

Cardoso alizaliwa Beira, Msumbiji, mwaka 1951. Alisoma Afrika Kusini, akafukuzwa huko mwaka 1975 kwa sababu alipinga ubaguzi wa rangi. Aliporudi kwao akawa mwandishi, na katika miaka ya 1980 aliongoza shirika la habari la taifa. Mwaka 1997 akaanzisha gazeti lake mjini Maputo, akaliita Metical, jina la fedha ya Msumbiji. Gazeti hilo lilikuwa kurasa chache tu, zikitumwa kwa faksi kwa waliolipia. Lakini wakubwa walilisoma.

Habari iliyomletea maadui ilihusu wizi wa benki. Mwaka 1996, benki moja kubwa ya nchi hiyo ilipokuwa inauzwa kwa watu binafsi, iligundulika kuwa dola milioni 14 zimeibwa. Watu walifungua akaunti katika tawi moja, wakaweka hundi zisizo na fedha, kisha kwa msaada wa mtu wa ndani wakatoa fedha za kweli. Miaka ikapita, kesi haifiki mahakamani. Wengine walinong'ona. Cardoso aliandika, akataja majina, akauliza tena na tena: kwa nini kesi imekwama?

(MUZIKI MFUPI)

Mama yangu, kati ya kunong'ona na kuandika kuna kazi. Mwandishi wa uchunguzi hutafuta mambo matatu. Kwanza, karatasi: hundi, risiti, barua, kitu chenye tarehe na sahihi. Pili, watu zaidi ya mmoja walioona kwa macho yao, si mmoja aliyesikia na wengine watatu waliosimuliwa naye. Tatu, anayetuhumiwa aulizwe kabla habari haijatoka, naye asikike.

Mimi mwenyewe niliwahi kukaribia kukosea. Jirani aliniambia kuna kijana anauza nafasi za kuhamia nchi ya tatu, akamtaja jina. Nilitaka kulisoma hewani jioni ileile. Mkubwa wangu akaniuliza, "Umeona nini wewe?" Sikuwa nimeona kitu. Tulipofuatilia, ikawa utapeli upo kweli, ila jina nililopewa lilikuwa la mtu mwingine kabisa. Ningelisoma, yule asiye na kosa angelala wapi usiku ule?

Kazi hii ina gharama. Jioni ya tarehe 22 Novemba 2000, Cardoso alipigwa risasi ndani ya gari akitoka ofisini. Alikufa. Dereva wake alijeruhiwa vibaya. Kesi ya mauaji ilianza Novemba 2002 na ikarushwa moja kwa moja redioni na kwenye televisheni. Januari 2003 watu sita walihukumiwa, kila mmoja kifungo cha zaidi ya miaka 23. Mmoja wao alikuwa meneja wa zamani wa tawi lile la benki.

Sasa wewe. Huduma za UNHCR na washirika wake ni za bure, pamoja na kuhamishiwa nchi ya tatu. Mtu akikudai pesa, usimtangaze sokoni. Andika tarehe, mahali, kiasi alichotaka na namba ya simu aliyotumia. Tunza karatasi au ujumbe. Kisha peleka kwenye dawati la malalamiko, au weka kwenye sanduku la malalamiko. Huhitaji kuandika jina lako.

Maswali yako mpe kiongozi wa kikundi chako cha wasikilizaji. Hadi wiki ijayo, kaa salama.

(MUZIKI WA KUFUNGA)