Sharubu Nyekundu, Kisogo Chekundu

Picha niliyotumiwa ilikuwa ya unyoya mmoja juu ya theluji, uti wake una rangi ya papai lililoiva. Chini yake, swali: "Mdogo wangu, huyu wa mashariki au wa magharibi?"

Aliyeituma ni dada mmoja wa Tanga anayefanya uuguzi zamu za usiku huko Colorado, Marekani. Kila Desemba anaungana na wahesabu ndege wa majira ya baridi, desturi iliyoanza Krismasi ya mwaka 1900. Siku hizi hesabu hufanyika kati ya Desemba 14 na Januari 5, kila kundi na duara lake lenye kipenyo cha kilomita 24. Lake linapitiwa na mto South Platte, pale nyanda zinapokaribia Milima ya Rocky.

Unyoya wenyewe hakuuokota. Sheria ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wanaohama inakataza hata hilo. Alipiga picha, akauacha.

Ni wa kigong'ota ambaye Wamarekani humwita flicker. Huyu hupenda kushuka chini kutafuta sisimizi. Baridi ikibana, hugeukia matunda ya vichakani. Wa mashariki ana njano chini ya bawa, na dume wake ana sharubu nyeusi na alama nyekundu kisogoni. Wa magharibi ana wekundu chini ya bawa, sharubu za dume ni nyekundu, kisogo kitupu. Hadi mwaka 1973 walihesabiwa kuwa spishi mbili, kisha wakaunganishwa. Wenyewe walikuwa wameungana zamani: mwaka 1843, mchoraji John James Audubon aliwakuta machotara kwenye mto Missouri, akawapa jina la spishi mpya.

"Watu wanakimbilia bawa kwa sababu linang'aa akiruka," alinieleza dada huyo kwa simu. "Mimi naanza na uso. Dume akiwa na sharubu nyekundu, nasubiri ageuke. Kisogo nacho kikiwa chekundu, huyo ana damu ya pande zote mbili. Wapo wengine sharubu zao ni nyeusi zilizochomekwa vinyoya vyekundu, kimoja hapa, kimoja pale. Hao wanataka darubini na mkono usiotetemeka. Sasa wewe niambie, kwenye baridi ile, mkono gani hautetemeki?"

Ana sababu ya kutoliamini bawa. Huko mashariki kabisa, mbali na ndege wa magharibi, walikuwa wakionekana vigong'ota wa njano wenye manyoya mekundu, na wengi wakadhani ni damu ya magharibi iliyosafiri. Watafiti walipoyapima manyoya hayo walikuta rangi iitwayo rodozanthini, inayopatikana kwenye matunda ya vichaka vya honeysuckle vilivyoletwa kutoka Asia. Ndege akiyala wakati anaota manyoya mapya, bawa linageuka rangi hata kama baba na mama yake ni wa mashariki watupu.

"Kwa hiyo ule unyoya wa kwenye theluji," nikamuuliza, "ni wa chotara au wa mla matunda?"

"Bila uso, sisemi."

Fomu ya hesabu anayoijaza ina nafasi tatu: wa njano, wa wekundu, na wa mchanganyiko. Lakini chotara anayeonekana Desemba kando ya South Platte huenda alizaliwa palepale, au ameshuka kutoka Kanada kukimbia baridi kali zaidi. Hana pete mguuni, na fomu haina pa kuandikia hilo.

Kuna kubwa kuliko hilo. Utafiti uliofanywa kwenye ukanda wa machotara, pale wa mashariki na wa magharibi wanapokutana, umeonyesha kwamba ndege hawa hawabagui rangi wanapochagua wenzi, na vinasaba vyao vinatofautiana kidogo mno. Kama wanaoana hivyo, mbona mashariki bado ni njano na magharibi bado ni wekundu? Ni nini kinachouzuia mchanganyiko usienee nchi nzima?

Nilimpa wazo jepesi: si aandike tu "kigong'ota" yaishe, maadamu ni spishi moja?

"Aa, hapana, mdogo wangu," akasema. "Tukiandika hivyo wote, huo ukanda ukisogea nani atajua? Na mimi nataka kujua unaelekea wapi."