Gari la Kale na Gari la Leo: Fundi Asiachwe Njiani

Wahenga walisema, “Kipya kinyemi, kingawa kidonda.” Mafundi wazee huitaja methali hii kila waonapo Toyota Vitz ikipita barabarani, nao huikumbuka Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo wa kobe. Yafaa tuyapime magari haya mawili kwa haki.

Volkswagen maana yake ni gari la umma. Mwaka 1938 serikali ya Hitler iliwaahidi wafanyakazi wa Ujerumani gari hilo kwa bei ya marki 990, nao wakaweka akiba ya marki 5 kila juma. Vita vikaja mwaka 1939, kiwanda kikaunda magari ya jeshi, na katika wote waliolipa hakuna hata mmoja aliyekabidhiwa gari. Lilienea duniani baada ya vita kwisha mwaka 1945, hata likashinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962. Lilipokoma kuundwa huko Meksiko mwaka 2003, idadi yake ilikwisha kupita milioni 21.

Sifa yake kubwa ni wepesi wa kutengenezeka. Injini yake iko nyuma, nayo hupozwa kwa hewa. Haina rejeta wala haihitaji maji. Fundi mwenye spana chache na bisibisi aliweza kuifungua chini ya mwembe, akasafisha kabureta, na mwenye gari akaenda zake.

Vitz, iliyoanza kuundwa Japani mwaka 1999, yaishinda kwa mengi. Injini yake ya lita 1 hutoa nguvu ya farasi 70, hali ile ya Volkswagen ya lita 1.2 ya miaka ya 1960 ilitoa 34 tu. Hutumia petroli pungufu, na moshi wake ni mchache. Lakini petroli hiyo hupimwa kwa kompyuta, na hitilafu yake mara nyingi haionekani kwa macho. Yataka chombo maalumu cha kuisoma.

Hapa ndipo penye neno. Kosa si la gari jipya; kosa ni kumwacha nyuma fundi aliyelisha watoto wake kwa spana. Mafundi wa mitaani na waungane katika ushirika, wanunue chombo hicho kwa pamoja. Vyuo vya ufundi navyo viwafungulie milango jioni, baada ya kazi.

Ndugu wafanyakazi, ahadi ile ya mwaka 1938 yatufunza jambo moja. Gari haliwi la umma kwa jina. Huwa la umma pale umma uwezapo kulimiliki, na kulitengeneza.