Simu Imebeba Barua, Redio na Benki

Zamani mkazi wa Ruziba, kusini mwa Bujumbura kando ya barabara iendayo Rumonge, alihitaji vitu vitatu ili asitengwe na ulimwengu: sanduku la barua, redio na safari ya benki. Leo vyote vitatu vimo katika simu moja ya mfukoni.

Kwa miaka mingi shirika la serikali, ONATEL, lilikuwa peke yake katika biashara ya simu. Katika miaka ya 1990 zikaja simu za mkononi za kampuni binafsi. Mwaka 2015 ikaingia Lumitel, tawi la Viettel, kampuni ambayo ni mali ya Wizara ya Ulinzi ya Vietnam. Burundi haina bahari, lakini nyaya zilizofika Mombasa na Dar es Salaam kuanzia mwaka 2009 ziliifaa pia, kwani kabla yake intaneti ilitegemea setilaiti, ambayo ni ghali.

Fedha nazo zikafuata njia hiyo. Kenya ilianza M-Pesa mwaka 2007. Burundi sasa ina Lumicash na Ecocash. Askari aliye mbali na nyumbani humtumia mkewe fedha za chakula bila kumsubiri mtu wa kuzibeba.

Habari pia zimebadili njia. Mwezi Mei 2015, vituo kadhaa vya redio vilipoteketezwa wakati wa jaribio la mapinduzi, baadhi ya waandishi waliendelea kutoa habari kwa intaneti. Tangu hapo imekuwa wazi kwamba habari haina tena mlango mmoja. Lakini palipo na milango mingi, uvumi nao huingia. Zamani mhariri alichuja kwanza. Leo kazi hiyo imeangukia nyumba yenyewe.

Basi familia za askari na polisi zizingatie mambo matatu. Kwanza, namba ya siri ya fedha asipewe mtu yeyote, hata ajitambulishe kuwa ni wakala au mkubwa wa kazi. Pili, habari ya kutisha isipelekwe kwa wengine kabla ya kuthibitishwa. Tatu, safari ya kikosi isitajwe katika makundi ya simu. Mke anayemwambia rafiki mmoja siku ya mumewe kuondoka hajui ni watu wangapi watakaoisoma kabla ya jua kutua.