Ngazi za Upimaji wa Vigeu katika Utafiti wa Isimujamii: Mifano kutoka Wilaya za Ngara na Biharamulo

Ikisiri

Makala hii inafafanua ngazi nne za upimaji wa vigeu vya kitakwimu na namna zinavyohusu utafiti wa Kiswahili na lugha za jamii katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Hoja kuu ni kwamba tarakimu inayoandikwa kwenye hojaji haina maana moja kila mahali: pengine ni jina tu, pengine ni cheo, pengine ni kipimo halisi. Mtafiti asiyetambua tofauti hiyo kabla ya kukokotoa anaweza kutoa hukumu juu ya uhai wa lugha au umahiri wa wazungumzaji ambayo data yake haiithibitishi.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Humo huzungumzwa Kihangaza na Kishubi, lugha zilizo karibu sana na Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Biharamulo, iliyo upande wa mashariki, ina wazungumzaji wa Kisubi na Kizinza, pamoja na wale wa Kisukuma. Kiswahili kinazikuta lugha hizo zote shuleni, ofisini na sokoni. Mtafiti anayetaka kujua ni nani anatumia lugha ipi, wapi na kwa umahiri gani hana budi kukusanya majibu ya watu wengi na kuyageuza kuwa tarakimu. Hapo ndipo swali la upimaji linapoanza: tarakimu hizo zinaruhusu kusema nini?

2.0 Ngazi Nne za Upimaji

Mgawanyo unaotumika sana katika sayansi za jamii ulitolewa na mwanasaikolojia wa Marekani, S. S. Stevens, katika makala iliyochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 1946. Stevens alibainisha ngazi nne, kila moja ikiwa na sifa za ile iliyotangulia na kuongeza sifa moja zaidi.

2.1 Ngazi ya Majina

Katika ngazi hii tarakimu hutenganisha makundi tu. Wanaisimu wa lugha za Kibantu wanao mfano ulio wazi, yaani misimbo ya Guthrie. Kinyarwanda ni D61, Kirundi D62, Kisubi D64, Kihangaza D65 na Kiha D66, ilhali Kizinza ni E23 na Kisukuma F21. Hakuna anayedhani kwamba Kihangaza kinaizidi Kirundi kwa tatu, wala kwamba wastani wa D62 na D66 ni D64. Hali ni hiyo hiyo kwa kigeu cha lugha ya kwanza katika hojaji: Kihangaza kikipewa 1, Kishubi 2 na Kiswahili 3, namba hizo zingeweza kubadilishana nafasi bila kuathiri chochote. Kinachoruhusiwa ni kuhesabu idadi ya watu katika kila kundi, kutafuta asilimia, na kutaja modi, yaani jibu lililojitokeza mara nyingi zaidi.

Ngazi hii huonekana nyepesi, lakini ina masharti mawili: makundi yasiingiliane, na kila mtafitiwa apate kundi lake. Majina Kishubi na Kisubi yanakaribiana mno, na karani asiye mwenyeji anaweza kuyachanganya. Tena, mkazi wa mpakani anayesema kwamba nyumbani huzungumza Kirundi na Kihangaza hana mahali pa kuwekwa iwapo hojaji inadai jibu moja. Uamuzi wa kuyaunganisha au kuyatenga majina hayo ni wa kiisimu, na sharti ufanyike kabla ya kuhesabu.

2.2 Ngazi ya Mpangilio

Hapa tarakimu huonyesha pia nani yuko mbele ya nani, ila haisemi kwa umbali gani. Tathmini ya Uwezo, iliyoanza nchini Tanzania mwaka 2010, huwapima watoto kusoma Kiswahili kwa hatua: silabi, maneno, aya na hadithi. Mtoto anayesoma aya amemzidi anayeishia kwenye maneno. Hata hivyo, hakuna kinachothibitisha kwamba safari ya kutoka silabi kwenda maneno ni sawa na ile ya kutoka aya kwenda hadithi. Kwa mtoto wa Ngara anayeanza shule akiwa na Kihangaza pekee, hatua ya mwisho, inayodai kuelewa na si kutamka tu, inaweza kuwa ndefu kuliko zote zilizotangulia.

Kauli za kujitathmini kama “sijui kabisa”, “kidogo”, “kiasi”, “vizuri” na “vizuri sana” ziko katika ngazi hii pia. Kipimo kinachofaa kuwakilisha kundi ni kati, yaani jibu linaloangukia katikati baada ya majibu yote kupangwa kwa taratibu.

2.3 Ngazi ya Vipindi Sawa

Katika ngazi ya tatu umbali kati ya tarakimu jirani ni uleule, lakini sifuri ni ya makubaliano tu. Mwaka wa kuzaliwa ni mfano mzuri. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni kutoka Rwanda walivuka Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa takribani saa 24. Mtafiti wa mgusano wa lugha anaweza kuwagawa watafitiwa wake kwa kigezo cha waliozaliwa kabla na baada ya tukio hilo. Tofauti kati ya 1974 na 1984 ni miaka kumi, sawa na tofauti kati ya 1984 na 1994, na wastani wa miaka ya kuzaliwa una maana. Lakini kuugawanya mwaka mmoja kwa mwingine hakuleti maana yoyote, kwa kuwa mwaka wa sifuri si mwanzo wa wakati.

2.4 Ngazi ya Uwiano

Ngazi ya nne ina sifuri halisi. Umri, miaka ya kusoma shule, idadi ya wazungumzaji, na idadi ya maneno ya Kiswahili katika mazungumzo ya Kishubi yaliyorekodiwa ni vigeu vya namna hii. Aliyesoma miaka minane amesoma mara mbili ya aliyesoma minne, na asiyesoma kabisa ana sifuri ya kweli. Hesabu zote za kawaida zinaruhusiwa.

Hata hivyo, ngazi ya juu haiponyi kosa la fasili. Sensa ya 2002 iliipa Biharamulo watu 410,794, na ile ya 2012 watu 323,486. Anayesoma tarakimu hizo bila uangalifu ataona upungufu wa karibu asilimia 21 na pengine kuueleza kwa uhamaji. Ukweli ni kwamba Chato ilikatwa kutoka Biharamulo na kuwa wilaya kamili. Kilichobadilika ni eneo lenyewe.

3.0 Wastani Unapopotosha

Athari ya kuchanganya ngazi inaweza kuonyeshwa kwa mfano wa kubuni. Chukulia vijiji viwili, kila kimoja na watafitiwa watano waliojitathmini umahiri wa Kiswahili kwa alama 1 hadi 5. Kijiji cha kwanza kina majibu 3, 3, 3, 3 na 3. Cha pili kina 1, 1, 3, 4 na 5. Wastani wa cha kwanza ni 3.0 na wa cha pili ni 2.8, hivyo cha kwanza kinaongoza. Sasa “vizuri sana” ipewe 8 badala ya 5. Mpangilio wa majibu haujaguswa, wala hakuna mtu aliyebadilisha kauli yake. Lakini wastani wa kijiji cha pili umepanda hadi 3.4, nacho ndicho kinachoongoza. Kati ya kila kijiji imebaki 3. Matokeo yanayopinduliwa na uchaguzi wa tarakimu peke yake hayawahusu wazungumzaji, yanahusu hojaji.

Wapo waliopinga masharti ya Stevens. Frederic Lord, mwaka 1953, alitumia kisa cha namba za jezi za wachezaji kuonyesha kwamba namba hazijui zilikotoka, na kwamba hesabu hufanyika hata juu ya majina. Hoja hiyo ni ya kweli kuhusu hesabu. Lakini mwanaisimu haishii kwenye hesabu; hurudi kusema jambo juu ya watu. Kauli hiyo ndiyo inayohitaji kuungwa mkono na ngazi ya upimaji.

4.0 Upimaji na Uhai wa Lugha

Uzito wa suala hili huonekana zaidi katika kutathmini uhai wa lugha. Mwaka 2003 wataalamu wa UNESCO walipendekeza vigezo tisa. Idadi kamili ya wazungumzaji, iliyo katika ngazi ya uwiano, haikupewa daraja. Vigezo vingine, kama urithishaji wa lugha kwa watoto, vilipewa madaraja ya 0 hadi 5, ambayo ni ya mpangilio. Wataalamu hao walionya wazi kwamba alama hizo zisijumlishwe tu.

Onyo hilo linahusu Ngara na Biharamulo moja kwa moja. Lugha yenye wazungumzaji wengi ambayo wazazi wameacha kuwarithisha watoto, na lugha ya wachache inayosikika kwenye kila ua, zinaweza kupata jumla moja. Ya kwanza inahitaji hatua za haraka nyumbani na shuleni. Ya pili huenda inahitaji kamusi na sarufi. Jumla moja ikifuatwa, msaada utakwenda kusikostahili, na muda wa kurekodi wazee utapita.

5.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba ngazi ya upimaji huamua ni kauli gani zinazoweza kutolewa kutokana na data. Mtafiti anapaswa kuitaja ngazi ya kila kigeu anapounda hojaji, kutumia asilimia na modi kwa majina, kati kwa mpangilio, na wastani kwa vipindi sawa na uwiano. Pale anapoona inafaa kukokotoa wastani wa alama za mpangilio, aonyeshe pia mgawanyo wa majibu yote, ili msomaji aone kama hitimisho limetoka kwa wazungumzaji au kwa tarakimu walizopewa.