Moto wa Januari unazimwa kwenye bajeti ya Juni



Leo naomba tuache kidogo mambo ya Simba na Yanga, nina jambo limenikaa rohoni.

Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma, majani yamekauka hadi ukikanyaga yanalia. Jirani mmoja alikuwa anasafisha shamba lake la muhogo, akakusanya biwi, akalitia moto, kisha akaenda kusali adhuhuri. Aliporudi moto ushavuka mpaka, umeingia shamba la ami yangu. Tulikimbia na matawi mabichi, wengine na ndoo, mimi nilikuwa na fulana yangu tu naipigia chini. Tuliuzima karibu na magharibi. Mikarafuu 11 iliungua, na mmoja kati ya hiyo aliupanda babu.

Ami hakulia. Alikaa chini ya mwembe akawa anaihesabu tena na tena, kama vile hesabu itabadilika. Wenzangu wa Pemba mnaelewa. Mkarafuu huanza kuzaa miaka 6 hadi 8 baada ya kupandwa, na kufika kwenye mavuno ya maana ni zaidi ya hapo. Mtu wa umri wa ami akipanda leo anampandia mwanawe.

Wiki ile nilimsindikiza kwenye ofisi moja kuuliza kama kuna msaada, japo wa vifaa, ili mwaka ujao tusiingie mikono mitupu. Tulipokelewa vizuri, tukapewa pole, na jibu la maneno mawili: hakuna fungu.

Basi mimi nikaanza kuulizia. Fungu ni nini? Linawekwa na nani, na lini? Haya ndiyo niliyoyaelewa, na nawaandikia kwa sababu naona vijana wengi hatuyajui.

Serikali zetu za mitaa hapa Pemba ni Mabaraza ya Miji ya Chake Chake, Wete na Mkoani, pamoja na Halmashauri ya Micheweni. Fedha zao zinatoka sehemu mbili kubwa: makusanyo yao wenyewe, yaani leseni za biashara, ada za masoko na mengineyo, na ruzuku kutoka serikali kuu. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Kabla ya Julai, kila shilingi inapangiwa kazi yake kwenye bajeti. Hilo ndilo fungu. Jambo ambalo halikuandikwa humo, hata mkurugenzi akiwa na huruma ya namna gani, hana pa kulitolea fedha kirahisi.

Sasa angalieni kalenda yetu. Kipindi kibaya cha moto huku ni kaskazi, kuanzia Disemba mpaka masika yanapoanza Machi. Yaani moto unakuja katikati ya mwaka wa fedha, bajeti imeshafungwa miezi 6 iliyopita. Anayekwenda kuomba Januari kachelewa. Ndiyo maana nasema moto wa Januari unazimwa kwenye bajeti ya Juni.

Kuna atakayeniambia, "Dogo, Pemba kisiwa kibichi, moto wa msitu ni mambo ya bara." Ngoja kwanza. Nendeni upande wa Micheweni kwenye ardhi ya maweni, udongo kiduchu, vichaka vinakauka upesi. Hata Msitu wa Ngezi, ambao tunausifu kwa unyevu wake, ndani yake kuna sehemu ya mchanga yenye vichaka vifupi, si miti mirefu yenye kivuli. Ngezi ina kama hekta 1,440 tu. Ndiyo nyumba ya popo wetu wa Pemba, na mna mpapindi, mnazi wa porini ambao asili yake ni kisiwa hiki. Ukiungua hakuna pa kwenda kuchukua mbegu nyingine.

Na hao wa bara wenyewe somo wameshalipata. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto uliwaka Mlima Kilimanjaro. TANAPA walieleza kuwa ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Moto wa chakula tu! Mamia ya watu walipanda mlima kuuzima, na mpaka unadhibitiwa ulikuwa umekula karibu kilomita za mraba 95. Pemba yote ni kama kilomita za mraba 988. Yaani ni kama sehemu moja ya kumi ya kisiwa chetu. Na ukitaka kupima kwa Ngezi, ni Ngezi zaidi ya 6.

Huku kwetu vyanzo ni vilevile vidogo vidogo: biwi la shamba, mwenge wa mrina asali, tanuri la mkaa, kipande cha sigara. Hakuna hata kimoja kinachohitaji helikopta. Kinachohitajika ni watu walio karibu, wenye vifaa, na njia iliyofyekwa ili moto ukifika ukose cha kula. Gari la zimamoto, hata likitoka mbio, haliwezi kupita kwenye vichochoro vya mashamba yetu. Wa kwanza kufika siku zote ni jirani.

Je, sheria zinatutambua? Zinatutambua. Sheria ya misitu ya Zanzibar, namba 10 ya mwaka 1996, inaruhusu jamii kukabidhiwa usimamizi wa msitu wake kwa makubaliano rasmi na serikali. Sheria ya maafa ya mwaka 2015 ndiyo msingi wa Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar, na mpango wake unashuka kwa kamati hadi kwenye shehia. Kwa hiyo ukisema shehia ijiandae na moto, hukubuni kitu kipya.

Tatizo ni fedha. Wengi mnaukumbuka mradi wa HIMA, Hifadhi ya Misitu ya Asili, uliogharamiwa na Norway na kusimamiwa na CARE pamoja na Idara ya Misitu kuanzia 2010. Shehia nyingi za Unguja na Pemba zilipimiwa misitu yao, zikaunda kamati na kuandika makubaliano. Kazi nzuri, siibezi. Lakini ulikwisha 2014. Mradi una tarehe ya kuondoka, moto hauna. Kamati isiyo na hata reki itafanya doria kwa mdomo mpaka lini?

Wenzetu Unguja pale Jozani, sehemu ya fedha za watalii inarudi kwa vijiji vinavyouzunguka msitu. Hilo ni jambo la kuiga, ila si kila shehia ina kima punju wa kuonyesha wageni. Shehia isiyo na mtalii itategemea baraza lake au halmashauri yake.

Nikaangalia na Marekani, maana huko moto unakula miji mizima. Sheria yao ya miundombinu ya mwaka 2021 ilitenga dola bilioni 1 kwa miaka 5, kwa ajili ya jamii kujikinga na moto wa msituni. Sisi hatuna bilioni, najua. Kilichonivutia ni utaratibu wao: fedha ya kufyeka na kusafisha inakwenda kwa jamii yenye mpango wake wa maandishi. Jamii isiyo na mpango inaanza kwa kupewa fedha ya kuuandika. Karatasi kwanza, shilingi baadaye.

Hilo tunaliweza. Mimi na ami tulikaa na kalamu. Panga 10, reki 10, majembe 10, mabomba 4 ya mgongoni kama yale ya kupulizia dawa, filimbi kadhaa, na posho ya chai kwa vijana watakaofyeka njia ya moto mwezi wa Novemba. Kwa bei za dukani tulizoulizia, vifaa vyote havifiki bei ya pikipiki moja. Mikarafuu 11 je, ina bei gani?

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana mwenzangu ni huu. Mfuate sheha, omba moto uwekwe kwenye kikao cha shehia. Andikeni ukurasa mmoja tu: wapi panaungua kila mwaka, njia ya moto ipite wapi, nani atashika vifaa, vinahitajika vingapi, kwa shilingi ngapi. Wekeni na utaratibu wa biwi: hakuna kuchoma upepo ukivuma, na hakuna kuliacha peke yake. Kisha mpelekeeni diwani wa wadi yenu mapema, wakati mipango bado inakusanywa, msingoje Juni ifike. Nakala mpeni mwakilishi wenu, maana na Mfuko wa Jimbo upo. Na bajeti ikipita, rudini mkaulize kwa adabu: fungu letu limo?

Sisi karatasi yetu tumeshaipeleka. Mpaka naandika haya hatujajibiwa. Ami kapanda miche mipya palepale, na jirani yule ndiye aliyemsaidia kuchimba mashimo. Hakuna aliyemshtaki mwenzake. Lakini kaskazi itarudi, na mimi sitaki kupigana tena na moto kwa fulana.

Kama shehia yenu ishawahi kupata fungu la moto, tuambieni mlipitia wapi.

Nawasilisha.