Kisukari na Thamani ya Nafuu

Mtu akitoka hospitali tunamuuliza kama amepona. Akijibu kuwa amepata nafuu, tunamwombea apone kabisa, kana kwamba nafuu ni kituo cha njiani tu. Kwa malaria hilo ni sawa. Kwa kisukari cha aina ya pili, nafuu ndiyo makao yenyewe, na asiyetaka kukaa hapo ndiye yule anayeacha vidonge baada ya miezi michache kwa kuwa mwili umekuwa mwepesi, kumbe wepesi wenyewe umeletwa na vidonge hivyohivyo.

Ninapotetea kuukubali ugonjwa, nafikiria zaidi muda kuliko utulivu wa moyo. Sukari iliyozidi inaweza kukaa mwilini miaka bila kuuma, huku ikiharibu mishipa midogo ya macho na figo na kuua hisia za miguu. Siku mtu anapokanyaga msumari asijue, kazi hiyo ilianza zamani. Uingereza, utafiti ujulikanao kwa kifupi UKPDS uliandikisha zaidi ya watu 5,000 waliokuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na kisukari hiki. Matokeo ya mwaka 1998 yalionyesha kwamba walioibana sukari zaidi walipunguza madhara ya mishipa midogo kwa takriban robo. Lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, lilitoka mwaka 2008. Utafiti ulipokwisha, sukari ya makundi yote mawili ililingana ndani ya mwaka mmoja. Hata hivyo, miaka kumi baadaye, walioanza kuidhibiti mapema walikuwa bado na madhara machache na vifo vichache. Kwa hiyo ile miaka ya mwanzo, ambayo wengi huimaliza wakibishana na kipimo na kuhama kutoka mganga mmoja hadi mwingine, ndiyo iliyokuwa ya thamani kubwa, na kujirekebisha baadaye hakuirudishi yote.

Wapo watakaosema kukubali ni kukata tamaa, tena ni upungufu wa imani. Lakini ruhusa ya mgonjwa kutofunga Ramadhani itamfaa nini asiyekiri kuwa ni mgonjwa? Wenye hoja nzito zaidi ni wanaosema kisukari kinarudi nyuma kwa lishe. Hawakosei. Katika utafiti wa DiRECT, pia wa Uingereza, karibu nusu ya waliowekwa kwenye mlo mkali wa kupunguza uzito walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari bila dawa mwaka mmoja baadaye. Asilimia 46, kwa hakika. Mwaka wa pili walibaki asilimia 36. Waliodumu ni hasa wale ambao uzito wao haukurudi, na waliingia katika safari hiyo chini ya uangalizi, wakiwa wameshakubali jina la ugonjwa wao. Anayeuziwa chupa ya mitishamba stendi kwa ahadi ya kupona ndani ya siku saba hayumo katika hesabu hiyo.

Pingamizi lililobaki sina jibu lake kamili, nalo ni fedha. Nafuu kwa Kiswahili ni ya mwili na ni ya bei pia, na kwa mgonjwa huyu hizo mbili haziachani. Mtu anaweza kuukubali ugonjwa kwa moyo wote, kisha akaruka dozi kwa sababu mwisho wa mwezi umefika, au akaacha kujipima kwa kuwa vijiti vya kupimia vimeisha na chungu cha nyumbani ni kimoja kwa watu wanane. Kumhubiria huyo subira ni kumwonea. Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Wanaopanga vitita vyake wajue kwamba dawa ya sukari hainywewi mara moja: ni ya kila siku, mwaka hadi mwaka, na mgonjwa aliyekwisha kubali anawasubiri wao.