TSH imepanda kidogo: je, umeze dawa?

Karatasi ya maabara inasomeka hivi: TSH 6.8, na pembeni yake herufi H, kwa kuwa kiwango cha juu cha maabara hiyo ni 4.5. Mstari unaofuata unasema T4 ni 15, nayo iko sawa kabisa. Mwenye karatasi alikwenda kupima kwa sababu ya uchovu, au alilipia tu kifurushi cha kupima mwili mzima. Mara nyingi hutoka pale ameandikiwa levothairoksini, yaani homoni ya thairoidi ya vidonge, na kuambiwa ataimeza maisha yake yote. Kwa maoni yangu, hapo tunakuwa tumeharakisha.

TSH haitoki kwenye tezi ya thairoidi iliyopo shingoni. Hutolewa na pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi itengeneze homoni, hasa hiyo T4. Pituitari ni nyepesi mno kushtuka. T4 ikishuka kidogo tu, hata kama bado imo ndani ya kiwango cha kawaida, TSH huweza kupanda maradufu. Kwa hiyo mtu mwenye TSH ya juu na T4 nzuri hayuko sawa na yule ambaye TSH yake imepanda na T4 imeanguka.

Kwa huyu wa pili, dawa haina mjadala. Mwaka 1891 huko Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alianza kumdunga mgonjwa wake, mama aliyevimba uso na kuwa mzito wa kusema na kutembea, maji ya tezi ya thairoidi ya kondoo. Alipata nafuu, akaishi miaka 28 zaidi. Siku hizi kidonge kimoja cha levothairoksini kwa siku hufanya kazi hiyohiyo, na mgonjwa hurudi shambani au ofisini kwake kama kawaida.

Mwenye TSH 6.8 je? Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao TRUST, uliofanyika Uingereza, Ireland, Uholanzi na Uswisi. Walishiriki watu 737 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, wote TSH juu na T4 ya kawaida. Wengine walipewa levothairoksini, wengine kidonge kisicho na dawa, na hakuna aliyejua anameza kipi. Baada ya mwaka mmoja, wastani wa TSH ulikuwa 3.63 kwa waliopewa dawa na 5.48 kwa wenzao. Maabara iliridhika. Lakini walipoulizwa kuhusu uchovu na dalili nyingine, makundi yote mawili yalikuwa palepale. Mwaka uliofuata, watafiti walijumlisha majaribio 21 ya aina hii, yenye watu zaidi ya 2,000, wakakuta jambo lilelile: dalili hazipungui, na maisha hayawi bora. Mwaka 2019 jopo la jarida la BMJ likashauri bila kuuma maneno kwamba watu wazima wa kundi hili wasipewe homoni.

Ushauri huo una mipaka yake. Hauwagusi wajawazito na wanaotafuta ujauzito, wala wenye TSH inayozidi 20, na kwa wenye dalili kali na vijana huenda usifae. Kati ya 10 na 20 madaktari bado wanavutana. Wengi hutibu, hasa kama mgonjwa si mzee.

Kuna wanaoapa kwamba kidonge kiliwaondolea uchovu, nami siwabishii. Ila uchovu una tabia ya kuja na kuondoka, na hata TSH yenyewe hushuka bila dawa. Hupanda usiku, hupanda mtu anapotoka kuugua, na huelekea kupanda kadiri umri unavyosogea. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi. Kirudiwe baada ya miezi miwili au mitatu, pamoja na T4, na wakati huohuo uchovu utafutiwe chanzo: damu pungufu, sukari, usingizi mbovu, sonona.

Kumeza homoni usiyoihitaji kuna gharama. Dozi ikizidi, moyo huweza kuanza kupiga bila mpangilio na mifupa kudhoofika, na wazee ndio huumia zaidi.

Kwa wanaoihitaji kweli, dawa nyingi hupotea mezani. Kidonge kikimezwa na chai ya maziwa na chapati, au pamoja na vidonge vya kuongeza damu, sehemu yake haiingii mwilini. TSH inabaki juu, daktari anaongeza dozi, kumbe tatizo ni kifungua kinywa. Kimeze kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Vidonge vya madini ya chuma na kalisi vikae mbali nacho kwa saa nne. Kipimo kirudiwe baada ya wiki 6 hadi 8, kwa sababu dawa hii huchelewa kutulia mwilini.

Kama tayari unaimeza, usiiache kwa kusoma makala haya. Tafuta karatasi yako ya kwanza, ya kabla ya kuanza dawa. Ukikuta TSH ilikuwa chini ya 10 na T4 haikuwa na tatizo, wala hukuwa mjamzito, mpelekee daktari wako umuulize kama dozi inaweza kupunguzwa taratibu na ukapimwa tena.